Nazif Yelkovan, Mshairi Aliyesamehewa na Aliyemkosea

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni vigoda, mimineni chai, punguzeni kidogo kelele za watoto. Leo tunamkumbuka mtu wa kwetu. Nazif Yelkovan, mshairi, mfuga nyuki, mwana wa Yukarıdere, amefariki dunia. Amefia nyumbani kwake, mkewe Gülizar akiwa amemshika mkono. Narudia kwa mliofungua redio sasa hivi: Nazif Yelkovan wa Yukarıdere hatunaye tena.

Nawaonya mapema. Mmezoea kunisikia hapa nikiongea kwa upole. Leo upole sina. Nilikwenda mazishini, nikaona niliyoyaona, nikarudi mjini na kinyaa. Nimewekewa dagaa wa kukaanga, wa moto, nikawasukuma pembeni. Mnaonijua mnajua hilo lina maana gani.

Basi, tuanze anakoanzia mtu, kwao.

Yukarıdere ni milima miwili inayotazamana, na bonde katikati. Ukitaka kumwomba jirani wa ng'ambo chumvi, kushuka na kupanda kutakumalizia asubuhi. Kwa hiyo tunatia vidole mdomoni na kupiga mluzi. Na mluzi wetu, wasikilizaji, unasema maneno kamili. Njoo. Lete gunia. Ng'ombe amezaa. Mumeo yuko kwangu, amelewa, njoo umchukue. Mimi mwenyewe ni wa milima hiyo, nimeitwa kula kwa mluzi kabla sijajua kuandika jina langu.

Ubaya wake ni mmoja: siri haipo. Unalomwambia mmoja, limesikiwa na bonde zima.

Nazif alilijua hilo, na bado alimposa Gülizar kwa mluzi. Ulikuwa msimu wa kuchuma njugu, hizi zetu zinazoota vichakani, watu wote wako huko, milima yote miwili. Kijana akapanda juu ya mzinga wa nyuki wa baba yake, akapiga mluzi kuelekea ng'ambo: "Gülizar, nitakuja kukuomba. Utanikubali?"

Watu wakaacha kuchuma. Halafu ukaja mluzi mzito, wa hasira. Alikuwa baba yake Gülizar: "Shuka hapo, mpuuzi wewe, uje useme mbele yangu!" Kabla Nazif hajajibu, ukadakia mluzi wa tatu, kutoka kwa Bi Satı, jirani: "Mpe, bwana! Ana nyuki!"

"Nilitamani ardhi inimeze," ameniambia Gülizar. "Nilikuwa nimejaa makapi ya njugu mpaka kwenye nyusi. Nikapiga mluzi mmoja tu, mfupi: Njoo. Basi. Watu wakacheka mpaka jioni. Na mimi nimeolewa."

Huyo ndiye mwanamke tutakayekuwa naye leo. Gülizar, mkewe. Lishikeni jina hilo.

Wakahamia Ankara. Nazif akapata kazi katika gazeti moja, kazi ya kusoma makosa ya wengine na kuyasahihisha. Na huko, katikati ya moshi na mabasi, akaanza kuandika. Alichokiandika hakikuwa kimewahi kuonekana katika lugha yetu. Aliandika mashairi ya watu wawili. Ukurasa wa kushoto ni mlima wa huku, ukurasa wa kulia ni mlima wa ng'ambo. Mmoja anaita, mwingine anajibu. Na katikati, wasikilizaji, nafasi nyeupe, pana, tupu. Mistari ilikatwa pale pumzi ya mpiga mluzi inapoishia.

Mpiga chapa alimjia juu. "Ndugu yangu, karatasi yote hii nyeupe ya nini? Mbona unatupa mali ya watu?"

"Hiyo nyeupe ndiyo bonde," Nazif akamwambia. "Ukiniondolea bonde, hawa wawili wataitana vipi?"

Nitawasomea kipande. Huku: "Umeamka?" Ng'ambo: "Theluji imeamka kabla yangu." Huku: "Basi usitoke. Mkaribishe mgeni."

Ndiyo hivyo tu. Mimi nikiisoma naisikia asubuhi ya kwetu, na moshi wa jiko, na mtu wa ng'ambo ambaye hujamwona wiki nzima na unamtaka.

Na jambo ambalo vitabu havisemi: upande wa ng'ambo ulikuwa wa Gülizar. Nazif aliandika mlima wa huku, akakaa na mkewe jikoni, akampigia mluzi taratibu, nyumba za watu zisisikie. Alichojibu Gülizar, hicho ndicho kiliandikwa ukurasa wa kulia. "Nusu ni yangu," anasema. "Alinitaka niweke jina. Nikamwambia, mimi sina haja, mimi nina nguo za kufua."

Sasa tunafika penye uchafu.

Ankara ile ilikuwa na mtu aliyeitwa Ferruh Ersoylu. Leo ni Profesa Ferruh Ersoylu. Wakati huo alikuwa kijana bado, lakini tayari akisema shairi zuri, ni zuri, akisema baya, hakuna anayeligusa. Akaandaa jioni ya mashairi katika ukumbi mkubwa. Nazif akaalikwa. Gülizar akajishonea koti jipya, la kijani. Wakakaa mbele. Mume viganja vyake vilikuwa vinatoa jasho, mke akamfuta kwa leso yake.

Ferruh akapanda jukwaani na kitabu cha Nazif mkononi. Akasema atasoma. Wasikilizaji, hakusoma. Alisema mstari wa huku, kisha akakimbia kwa miguu minne mpaka upande wa pili wa jukwaa, akalia kama mbuzi: "Meee!" Akarudi mbio: "Meee!" Akatia vidole mdomoni akapuliza, yakatoka mate tu, yakamdondokea kwenye tai. Ukumbi ukaangua kicheko. Watu wenye miwani, watu wenye shahada, walikuwa wanajipiga mapaja. Akamalizia: "Mabibi na mabwana, huu si ushairi. Huu ni uchungaji wa mbuzi."

Ptu. Nisameheni. Lakini ptu.

"Sikumtazama yule mtu," Gülizar anakumbuka. "Nilimtazama Nazif. Alikuwa anatabasamu. Alikuwa anatabasamu kwa adabu, kama mtu aliyealikwa. Mpaka leo lile tabasamu ndilo linaloniuma."

Halafu Nazif akasema, "Gülizar, twende nyumbani."

"Haya, teksi tutaipata pale nje."

"Hapana. Nyumbani."

Akaelewa. Lakini hawakuondoka siku ileile. Nazif alijaribu kurudi kazini kwanza. Kila akipita kwenye korido ya gazeti, mtu nyuma ya mlango: "Meee." Akinywa chai: "Meee." Wachapishaji wakamrudishia mashairi yake. Hakuna aliyesema ni mabaya. Wote walisema, "Unajua Bwana Ferruh alivyosema." Wanaume wazima! Hawakuwa na pua zao wenyewe za kunusia, walisubiri Ferruh anuse kwanza.

Wakarudi Yukarıdere. Nazif akarithi mizinga ya baba yake. Miaka ikapita, mingi, hakuna hata mstari mmoja wake uliochapwa. Lakini kila asubuhi alipanda kwenye mizinga yake upande wa huku, na Gülizar akaenda kwenye vichaka vya njugu ng'ambo, na mashairi yakaenda na kurudi juu ya bonde. Watu wakaacha majembe wakasikiliza. Bi Satı, yuleyule, alikuwa akidakia katikati: "Huo wa jana ulikuwa mzuri zaidi!" Nazif anasahihisha papo hapo. Mshairi gani mwingine nchi hii ana wasomaji wa namna hiyo?

Halafu wakaja wanafunzi na vinasa sauti. Walikuja kuchunguza mluzi, wakakuta ushairi. Wakarekodi, wakaandika, wakapeleka nje. Nje wakashangilia. Tuzo zikaja. Na mara, kumbe Ankara nzima ilikuwa inampenda Nazif Yelkovan tangu zamani!

Kitabu kikubwa cha mashairi yake yote kikatoka. Nadhani mnakisia ni nani aliyeandika utangulizi. Ferruh Ersoylu. Na aliandika nini? Nanukuu: "Mimi ndiye niliyemwona wa kwanza, nikasimama mbele ya ukumbi kumtambulisha kwa taifa." Kumtambulisha! Kwa miguu minne!

Gülizar aliusoma utangulizi ule akiwa amesimama uani. Akauchana. Akautia ndani ya bomba la kufukizia nyuki moshi, akauwasha. "Nyuki walikasirika siku hiyo," anasema. "Hata wao moshi ule uliwatia kichefuchefu."

Nazif alicheka tu. Huyo ndiye Nazif. Hakuwa malaika, alikuwa mkaidi, alikuwa mchoyo wa asali, binti yake Feride anasema alikuwa akificha mtungi chini ya kitanda. Lakini kinyongo hakikumkalia.

Kisha mapafu yakamshinda. Mtu aliyeishi kwa pumzi, pumzi ikamwisha kidogo kidogo. Hakuweza tena kupiga mluzi. Na kwetu, mtu akifika hapo, kila mmoja anaijua desturi. Waliowahi kumkosea wanakuja, wanakaa kando ya kitanda, wanasema, "Nihalalishie haki yako." Naye anajibu, "Halali yako." Maneno hayo tu, mtu anaondoka mwepesi. Walikuja wengi. Alikuja jirani aliyemlisha ng'ombe wake kwenye shamba la Nazif. Alikuja Bi Satı, kwa fimbo zake mbili, kuomba radhi kwa kumkatizia mashairi maisha yake yote. Nazif akamwambia, "Hilo sikuhalalishii, ulisahihisha vizuri." Wakacheka mpaka akakohoa.

Jioni ile akamwambia mkewe, "Ferruh akija akaomba, mpe."

"Nimpe nani? Yule mbuzi?"

"Mpe, Gülizar. Mimi sitakuwepo, wewe ni nusu yangu, sema kwa niaba yangu. Ni mzee sasa, naye atakufa."

"Midomo yangu itapasuka."

"Ipake asali. Akiomba, mpe, usimfanye asubiri. Asipoomba, usimbebee mzigo wake. Niahidi."

Akaahidi. Shikeni hapo, wasikilizaji wapendwa, maana habari yote iko hapo. Gülizar alimwahidi mumewe anayekufa kwamba yule mtu akiomba radhi, atampa. Na alitaka kumpa. Si kwa ajili ya Ferruh. Alichoka kumbeba yule mtu kifuani, na alitaka Nazif alale bila kubakiwa na jambo huku juu.

Feride akampigia simu Ferruh kule Ankara. Akamweleza waziwazi: "Profesa, baba yuko mwishoni. Kama ungependa kuja mhalalishiane, njoo mapema." Jibu lake Feride amenisimulia neno kwa neno: "Binti yangu, mwambie nina shughuli. Ninaandika makala ya kumwomboleza, lazima iwe tayari."

Mtu hajafa bado! Anamwandikia tanzia mtu ambaye bado anakunywa supu!

Basi, akafa. Na hapo Profesa akapata nafasi. Alikuja na gari jeusi na watu wa televisheni. Shada lake la maua lilihitaji wanaume wawili kulibeba, na kwenye utepe, jina la Ferruh Ersoylu lilikuwa kubwa kuliko la marehemu. Nimeliona kwa macho yangu.

Jeneza likawekwa juu ya jiwe uani mwa msikiti. Wanaume mbele, wanawake nyuma. Imamu akasali, akageuka, akauliza kama inavyoulizwa: "Jamaa, marehemu mlimjuaje?" "Tulimjua mwema." "Je, mnamhalalishia haki zenu?"

"Tumemhalalishia," tukasema, kwa sauti ya watu waliofiwa. Ila sauti moja ikapanda juu ya zetu zote. Mkono kifuani, uso kwenye kamera: "Namhalalishia! Namhalalishia kwa moyo wangu wote!"

Inaulizwa mara tatu. Mara tatu alipaza sauti. Mara tatu Ferruh Ersoylu alimsamehe Nazif Yelkovan.

Nyuma, Gülizar alimshika binti yake mkono mpaka kucha zikaingia. "Anamhalalishia nini? Nazif alimlia haki gani huyu?"

"Mama, taratibu."

"Niambie alimlia haki gani!"

"Nyamaza, mwanangu," Bi Satı akamwambia. "Mwache bwana wako apite kwanza. Huyo atakuja nyumbani. Labda ataomba huko."

Labda. Gülizar akalishika hilo labda. Tukazika. Tukarudi nyumbani kwake, halua inakorogwa jikoni, harufu ya siagi nyumba nzima, majirani wanaingia na vyungu. Gülizar hakuonja kitu. Alikaa kwenye kiti karibu na mlango. Nilikuwa karibu naye, nikamwona midomo inacheza. Nikadhani anasoma dua. Baadaye ameniambia alikuwa anajizoeza: halali yako, halali yako, halali yako. Neno lile lilikuwa linamkwama, naye analilazimisha litoke, kwa sababu aliahidi.

Profesa akaingia. Kamera nyuma yake. Akaenda moja kwa moja kwa Gülizar, akamshika mikono yote miwili. Mzee kwelikweli, macho yana maji. Nakiri, hata mimi nikalegea.

"Bi Gülizar," akasema. "Nina ombi moja."

Gülizar akasimama. Bi Satı jikoni akaacha kukoroga halua. Nyumba nzima iliacha kula.

"Sema, mwanangu," Gülizar akasema, na mtu mwenyewe ni mkubwa kwake. "Omba. Nakusikiliza."

"Hawa vijana wamekuja kutoka mbali. Hebu tupigie mluzi mmoja. Kwa ajili ya watazamaji."

Wasikilizaji, sijui niwaelezeje ule uso wake. Akamuuliza, polepole, kama unavyomsaidia mtoto aliyesahau: "Hiyo tu? Hakuna jingine?"

"Hiyo tu, mama. Ukiweza, ule wa huzuni."

"Haya," akasema Gülizar.

Akatoka mpaka ukingoni mwa ua, palipo na mizinga. Kamera ikamfuata, Profesa akasimama pembeni yake, akajiweka sawa kola. Gülizar akatia vidole mdomoni. Mwanamke wa umri ule, aliyelia siku mbili. Mluzi ukatoka safi, ukavuka bonde lote.

Alisema hivi: "Ng'ambo, nisikilizeni. Aliyewafanya watu wamcheke Nazif yuko hapa, pembeni yangu. Nazif aliniambia nimpe. Nimemsubiri. Nimemuuliza mara mbili. Hajaomba."

Kutoka vichakani ng'ambo, mwanaume mmoja akajibu: "Tumesikia, mama. Hajaomba." Wa juu yake akapokea, akapeleka: "Hajaomba." Mlima wa nyuma ukapokea. Mpaka kule kwenye malisho ya juu, mbali, nyembamba, hata sisi tuliisikia kwa shida: hajaomba.

Sisi uani tulikuwa tumeinamisha vichwa. Hakuna aliyethubutu kumtazama mgeni wetu.

Na yeye? Profesa Ferruh Ersoylu, bingwa wa mashairi ya Nazif, mwandishi wa utangulizi, aliyemwona wa kwanza? Alitoa leso, akafuta machozi, akamgeukia mwenye kamera: "Umesikia? Bonde zima linamlilia." Halafu akapiga makofi. Peke yake. Katika nyumba ya msiba.

Televisheni ikarusha usiku uleule, wakatia na fidla chini yake. Yukarıdere yote ilitazama. Hakuna aliyecheka.

Kwa hiyo, kwa niaba ya redio hii, tunatoa pole kwa Bi Gülizar, nusu ya mashairi yale, jina lake liandikwe sasa hata kama ana nguo za kufua. Pole kwa Feride. Pole kwa Bi Satı na watu wote wa Yukarıdere, milima yote miwili. Mungu amrehemu Nazif, amjalie pumzi tele aliko. Na ninyi wasikilizaji wapendwa, mjitazame. Kuna mlango mnaupita kila siku bila kubisha, na aliye ndani bado anakunywa supu. Nendeni mkaombe. Nami nitakwenda kwangu.

Kabla sijafunga, jambo la mwisho. Asubuhi ya leo msaidizi wa Profesa alitupigia simu kutoka Ankara. Anasema Profesa ameguswa mno na ule mluzi wa mazishi, anausikiliza kila siku, na anatuomba tumalize nao kipindi hiki, kama salamu zake binafsi kwa familia. Atakuwa anatusikiliza.

Profesa, Bi Gülizar yuko hai. Ametuambia tukuambie bado anasubiri.

Cevdet, fundi wetu, tuwekee mluzi. Bila fidla.